Jibu Bila Kutoa Mji

Je, mtu anayetafuta neno kwa herufi zake tu, bila kulijua, amemkosea nani? Swali hili linaweza kuonekana dogo, la watu wenye nafasi ya kucheza. Nalileta mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu kwa sababu nimeliona likizua ugomvi wa kweli kati ya vijana wanaopendana. Tena naamini linagusa jambo kubwa kuliko mchezo, yaani namna tunavyoyamiliki maneno ya lugha ambayo si ya mama zetu, lakini ambayo hufungua na kufunga milango ya maisha yetu.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Siku hizi zipo programu na tovuti nyingi za kutafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi. Unaandika herufi saba ulizo nazo, au unaomba maneno yote ya herufi tano yenye A, R na T, au maneno yanayoishia kwa ING, na kufumba na kufumbua unapewa orodha ndefu. Programu haikuulizi unataka kusema nini. Usipoomba, haikuelezi neno lina maana gani. Inatazama herufi tu, kama karani anayepanga mafaili bila kuyasoma. Wanaoitumia zaidi ni wachezaji wa michezo ya maneno kama Scrabble, Wordle na mafumbo ya magazetini.

Mimi nimekulia Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Sokoni Base Camp, Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Shuleni na ofisini ni Kiingereza. Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tulikuwa tumeanza shule kwa Kifaransa, na nimeona watoto wakirudishwa madarasa mawili au matatu nyuma, si kwa kukosa akili wala hesabu, ila kwa kukosa Kiingereza. Ndiyo maana wakati wa likizo vijana wa mtaa wetu tulikusanyika kucheza Scrabble. Tulikuwa na njaa ya maneno. Ubao wetu ulikuwa kipande cha boksi, na herufi ziliandikwa juu ya vifuniko vya soda.

Aliyebuni mchezo huu, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika magazeti ili ajue kila herufi ipewe vipande vingapi na alama ngapi. Kwa sababu hiyo seti ya Kiingereza yenye vipande 100 ina E 12, na ina Q moja tu yenye alama 10. Herufi K ina alama 5 katika seti ya Kiingereza na 10 katika seti ya Kifaransa, kwa kuwa Wafaransa huitumia kwa nadra. Kwetu sisi K ni herufi ya kila siku. Bila hiyo huwezi kula, kulala wala kukaa. Kijana aliyetutengenezea vifuniko hakuhesabu magazeti ya mtu. Aliandika herufi kwa kufuata sikio lake, na sikio lake lilikuwa la Kiswahili, basi tukawa na A na K tele. Tulikuwa tukitafuta maneno ya Kiingereza katika mfuko wa Kiswahili. Zaidi ya hayo, sisi tumefundishwa kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na hata mashairi yetu tunayapima kwa mizani ambayo ni silabi. Mtu wa namna hiyo akishika T, H na R bila irabu hata moja, anajiona ameshika mifupa isiyo na nyama. Kishawishi cha kutafuta msaada kinaanzia hapo.

Siku moja iligundulika kwamba mwenzetu mmoja, mwenye simu janja na bando, alikuwa akiiweka simu mapajani na kuingiza herufi zake humo kila zamu. Wengine wakasema ameiba. Yeye akajibu, "Nimeiba nini? Neno liko kwenye kamusi, na kamusi ni ya wote." Wengi walimzomea. Mimi niliona jibu lake linastahili kupimwa kwa makini, na tangu hapo nimelipima kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kusema kwamba amekosea kwa kuwa alicheza neno asilolijua maana yake. Hoja hii inavutia, lakini haisimami. Mwaka 2015, katika mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa yaliyofanyika Louvain-la-Neuve nchini Ubelgiji, mshindi alikuwa Nigel Richards wa New Zealand, mtu asiyezungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri orodha ya maneno ya Kifaransa kwa muda wa takriban wiki tisa. Katika fainali alimshinda Schélick Ilagou Rekawé wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa ndiyo lugha yake rasmi. Mwaka 2024 Richards alirudia maajabu hayo, akatwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kihispania huko Granada, Hispania. Ulimwengu ulimshangilia, na hakuna aliyemwita mwizi. Ikiwa kutojua maana ndiko kosa, basi bingwa huyu ndiye mkosaji mkuu. Kanuni za mchezo haziulizi maana. Zinauliza kama neno limo katika orodha au halimo.

Njia ya pili ni kusema kwamba tofauti kati ya Richards na mwenzetu ni jasho. Mmoja alikesha akikariri, mwingine alibofya. Hoja hii ina uzito zaidi, maana wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata hivyo jasho peke yake haliwezi kuwa kipimo cha haki. Mwizi anayetoboa ukuta usiku kucha naye hutoka jasho, lakini jasho lake halihalalishi mali aliyoichukua. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye kipaji anayeliona neno mara moja bila taabu hatumwambii amedhulumu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoikubali. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kiitwacho The Grasshopper, alieleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo ambavyo hatukulazimika kuvikubali. Anayecheza gofu angeweza kuubeba mpira mkononi na kuutia shimoni, lakini amekubali kutofanya hivyo, na ni kukubali huko kunakoufanya mchezo uwepo. Tunapoketi kuzunguka ubao wa boksi tumepeana ahadi isiyosemwa, kwamba kila mmoja atatumia kile kilichomo kichwani mwake. Anayeficha simu mapajani hajaidhulumu kamusi wala lugha ya Kiingereza. Amewadhulumu wale watatu walioketi naye, kwa sababu wao wanabeba kikwazo ambacho yeye amekwisha kukitua kimyakimya, huku akiwaacha waamini kwamba bado wanabeba pamoja.

Kama hivyo ndivyo, je, mtu anayecheza peke yake? Wordle, mchezo ulioundwa na Josh Wardle na kuenea sana kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021, humpa kila mchezaji nafasi sita za kukisia neno la herufi tano. Huna mpinzani. Ukitafuta jibu kwenye programu usiku ukiwa kitandani, hujavunja ahadi na mtu. Umejinyima raha yako mwenyewe, kama anayeuliza mwisho wa hadithi kabla haijasimuliwa. Lakini asubuhi ukituma vile visanduku vya kijani kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ili wenzako wakusifu, ahadi imeingia na wewe umeivunja. Kutafuta ni kulekule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu anayekuamini.

Hapa ndipo ninapoona kwamba utamaduni wetu ulikwisha kulijibu swali hili kabla ya simu. Tunapotegeana vitendawili, mtegaji husema "Kitendawili!" na wenzake hujibu "Tega!" Wakijaribu na kushindwa, mtegaji hawaachi gizani, wala hawaambii waende wakakeshe hadi walipate jibu. Anasema, "Nipeni mji." Wanampa mji, naye akiisha kuupokea huwapa jibu. Utaratibu huu umejaa hekima. Kutojua si aibu, na kupewa jibu si kosa. Lakini jibu lina bei, na bei hiyo inalipwa hadharani. Kutoa mji ni kusema mbele ya wote kwamba hapa nimefika mwisho wa akili yangu, nisaidie. Baada ya hapo jibu ni lako kwa halali, na kesho unaweza kumtegea mwingine.

Nakivale nimesikia watoto wakitoa miji kwa namna ambayo sijaisikia kwingine. Mmoja hutoa Goma, mwingine Bujumbura, mwingine Mogadishu. Wanatoa miji ambayo wazazi wao waliikimbia, na wengine wao hawajawahi kuiona. Hata mtoto asiye na chochote ana mji wa kutoa, kwa sababu kinachotakiwa ni ungamo tu, si mali. Programu ya kutafuta maneno inatoa jibu bila kudai mji. Ubaya wake, kama upo, ni huo. Inatuzoesha kupokea bila kukiri kwamba tumepewa.

Najua nitapingwa, na pingamizi lenyewe ni la haki. Nilipofika chuoni Mbarara niliukuta mchezo uleule, safari hii kwa ubao wa dukani na vipande vinavyong'aa. Wenzangu wengi pale walianza Kiingereza wakiwa shule ya chekechea. Nyumbani kwao kulikuwa na kamusi, magazeti na televisheni. Wao ndio wanaosema kwa ukali zaidi kwamba kutafuta neno kwenye simu ni udanganyifu. Mkimbizi aliyekutana na Kiingereza akiwa na miaka kumi na minne anaweza kuwauliza, "Na ninyi maneno yenu mliyapata wapi? Si mlitafutiwa na karo za wazazi wenu tangu mkiwa na miaka mitatu? Mimi natafuta leo kwa dakika moja kile mlichotafutiwa kwa miaka kumi na tano." Mgala muue na haki yake mpe: swali hili lina ukweli. Kichwa cha kila mmoja kimejazwa kwa msaada wa watu wengine, na si wote waliosaidiwa sawasawa. Kikwazo kinachoitwa sawa kwa wote huwa kizito zaidi kwa wengine.

Hata hivyo, ukweli huo unadai tubadilishe ahadi, haumruhusu mmoja kuivunja kwa siri. Kama wachezaji hawalingani, na waseme mapema kwamba anayeanza ataruhusiwa kutafuta mara tatu, simu ikiwa mezani, ikionekana na wote. Mnyonge akipewa msaada kwa makubaliano, heshima yake inabaki. Akiuchukua kwa kificho, anageuka mtuhumiwa hata pale ambapo angekuwa na haki. Isitoshe, Nakivale mwenye simu na bando mara nyingi si yule aliye nyuma zaidi. Kwenye mtaa wetu aliyekuwa akishindwa kila siku ni msichana aliyekuwa amefika hivi karibuni, asiye na simu. Kificho cha mwenye simu hakikumsawazisha na watoto wa Mbarara. Kilimshusha chini zaidi huyo msichana.

Mpaka hapa nimezungumzia deni kwa mwenzi wa mchezo. Kuna deni la pili ambalo ubao haulidai, lakini maisha hulidai: deni kwa maana.

Orodha ya Collins inayotumika katika mashindano mengi ya Kiingereza ina maneno zaidi ya 270,000. Ukiichunguza utakuta humo maneno yetu. Yumo safari, yumo matatu, umo ugali, yumo mzee na umo uhuru. Nilipojua hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ughaibuni. Kisha nikaona jinsi yalivyovishwa. Wingi wa mzee katika orodha hiyo ni MZEES, na uhuru umepewa wingi, UHURUS. Mzee yeyote wa Nakivale ukimwita kwa wingi huo atageuka nyuma kutazama unamwita nani. Sishutumu orodha. Lugha zote huazimana, na Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo na maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza. Ninachosema ni kwamba orodha ya herufi inaweza kulihifadhi neno salama huku ikiwa imesahau linavyoishi kwa watu wake. Mwanafalsafa John Searle, mwaka 1980, alitutaka tumfikirie mtu aliyefungiwa chumbani akipanga alama za Kichina kwa kufuata kitabu cha maelekezo, hata walio nje wakadhani anajua Kichina. Kumbe hajui neno hata moja. Mchezaji wa orodha yumo katika chumba hicho, na akiwa mchezoni hana lawama. Hatari huanza atakapotoka nje na watu wakamchukulia kuwa anajua.

Nitoe mfano ninaoujua. Mmoja wa vijana wa kundi letu aliwahi kupata alama 50 za nyongeza kwa kutumia vipande vyake vyote saba kuandika FASTING. Alilipata katika orodha ya maneno ya herufi saba yanayoishia kwa ING. Tulimpigia makofi. Miezi kadhaa baadaye mama mmoja jirani yetu alipewa rufaa ya kwenda kupimwa Mbarara, na kwa kuwa hajui Kiingereza wala Kinyankole, kijana huyo alimsindikiza awe mkalimani. Muuguzi akawaambia kwa Kiingereza kwamba mama arudi kesho yake asubuhi akiwa "fasting". Kijana alijua kuwa "fast" ni haraka. Akamwambia, "Mama, wamesema kesho uje haraka sana." Mama akaamka alfajiri, akanywa uji upate kumtia nguvu ya kuwahi, akafika wa kwanza. Damu haikuchukuliwa, kwa kuwa alitakiwa awe hajala kitu. Ikabidi walale mjini usiku mwingine, kwa fedha za kuazima. Neno lilelile lililotupa shangwe ubaoni lilimgharimu mgonjwa siku nzima.

Simlaumu kijana yule. Alijitolea pale ambapo hakukuwa na mwingine, na watu walimwamini kwa sababu walikuwa wamemwona akishinda. Lakini kisa hicho kinaonyesha kwa nini swali langu si la mchezo tu. Kwa watu kama sisi, neno la Kiingereza linaweza kuwa dawa, fomu ya usajili, barua ya shule au jibu la usaili. Tukizoea kuhesabu maneno kwa alama, tutajiona matajiri kumbe mifuko imejaa vifuniko vya soda. Jirani aliyetuamini ndiye atakayelipa tofauti.

Je, basi tuziache programu hizi? La. Mimi mwenyewe nazitumia, na zimenifikisha kwenye maneno ambayo nisingeyakuta kwa miaka. Ninachopendekeza ni turudishe desturi ya mji, tena mara mbili. Mji wa kwanza tumpe mwenzetu: anayetafuta atafute mezani, aseme wazi kwamba ametafuta, na kama ni mashindano yasiyoruhusu basi asitafute kabisa. Mji wa pili tulipe neno lenyewe: anayelileta neno kutoka kwenye programu aeleze maana zake zote anazoweza kuzipata, kisha alitumie katika sentensi moja ambayo mtu angeweza kuisema sokoni, shuleni au hospitalini. Asipoweza, alama zisihesabiwe. Katika kundi letu tulijaribu kanuni hii likizo iliyopita. Mchezo ulikwenda polepole mno, na wawili walilalamika kwamba imekuwa darasa. Yule msichana asiye na simu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba iendelee, kwa sababu kila neno lililotafutwa na mwenye simu sasa lilikuwa linamfikia na yeye.

Nadhani haki ya maneno iko hapo. Jibu lililotolewa mji hubaki likizunguka kati ya watu, na kila aliyesikia anaweza kulichukua. Lililopatikana kwa kificho huishia mapajani mwa mtu mmoja. Nasi tunaosoma vyuoni tumefika hapa kwa maneno tuliyopewa na wengi, baadhi yao wakiwa hawakuwahi kuingia darasani. Tukiulizwa tuliyatoa wapi, tuwe tayari kutaja.